Sare za shule na binamu yako: jina la biashara, ubia au kampuni?

Dada, umesema wewe na binamu yako mnataka kushona sare za shule Githurai. Yeye ana cherehani mbili za umeme, wewe una akiba ya shilingi 180,000, na unauliza msajili jina la biashara, ubia au kampuni. Wengi waliokujibu wameangalia ada ya usajili peke yake. Mimi naomba uangalie deni litamfikia nani, maana nilianza vilevile mnavyotaka kuanza.

Mwaka 2013 mimi na rafiki yangu wa tangu utotoni tulifungua karakana ya mageti na madirisha Kariobangi Light Industries. Tulienda Sheria House, ofisi ya msajili Nairobi, tukasajili jina la biashara, sisi wawili kwenye cheti kimoja. Mkataba hatukuandika, kwa kuwa tulijuana hadi nyumbani kwa wazazi. Yeye alitafuta wateja na kununua vyuma, mimi nilibaki ndani na mashine ya kuchomelea. Miaka miwili kazi ilikwenda vizuri. Kisha akachukua vyuma vya shilingi 460,000 kwa mkopo kwenye duka moja la jumla, kwa jina la biashara yetu, akaviuza mwenyewe na kuzima simu.

Mwenye duka alinijia mimi. Nilimwambia sikusaini popote, na nilikuwa nasema kweli. Wakili niliyemwendea alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningelala vizuri miezi kumi na saba iliyofuata: cheti cha jina la biashara hakizai mtu mpya mbele ya sheria. Kinatangaza tu ni nani walio nyuma ya jina lile. Watu wawili wakifanya biashara pamoja ili wapate faida, tayari ni wabia, wawe wameandikiana au la. Na mbia mmoja akikopa katika shughuli za kawaida za biashara, amewakopea wote. Mdai ana haki ya kumfuata yule anayeonekana, amdai deni lote, si nusu. Niliuza pikipiki, kisha ploti ya Kamulu ambayo sikuwa nimemaliza kuilipia, nikalipa. Hata ningejitoa kwenye ubia siku ile, deni lililokwisha kuingia lingebaki langu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwako si la usajili. Je, binamu yako ni mbia kweli, au ni mwenye cherehani tu? Kama anachotaka ni malipo ya kila mwezi kwa mashine zake na ujira wa kushona, basi biashara ni yako peke yako. Sajili jina la biashara, muandikiane kodi ya mashine, basi. Wewe ndiwe utakayebeba hasara, lakini pia hakuna atakayekukopea nyuma ya mgongo wako. Mapato ya biashara utayatangaza kwa PIN yako mwenyewe, yaani namba yako ya kodi.

Kama mnataka kumiliki pamoja, mimi nawashauri kampuni. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 ilirahisisha mambo sana: mtu mmoja tu anaweza kuunda kampuni binafsi, usajili unafanyika kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na katibu wa kampuni si lazima mpaka mtaji uliolipwa ufike shilingi milioni 5. Kampuni ni mtu kamili: ina PIN yake, inamiliki mashine, inashtaki na kushtakiwa. Msingi huu ni wa zamani. Mwaka 1896 waamuzi wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliamua kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji viatu wa London. Karibu hisa zote zilikuwa zake, jamaa zake sita wakiwa na hisa moja moja, na bado ikaamuliwa kwamba madeni ya kampuni si madeni yake. Hisa zako zikishalipiwa, mdai wa kampuni hana njia ya kufika kwenye ploti yako.

Ila ukuta huo una milango, na mara nyingi ni wewe unayeifungua. Benki ikiikopesha kampuni changa, wakurugenzi hutakiwa kusaini dhamana binafsi, yaani kampuni ikishindwa kulipa, utalipa wewe. Muuza vitambaa wa Eastleigh naye anaweza kukuletea karatasi kama hiyo pamoja na ankara. Soma kabla ya kusaini. Halafu kampuni ina kazi zake: taarifa ya kila mwaka kwa msajili, orodha ya wamiliki halisi, na ritani ya KRA (mamlaka ya kodi) hata kama hamjauza shati moja. Faini ya kampuni kuchelewesha ritani ya kodi ya mapato huanzia shilingi 20,000, ya mtu binafsi 2,000. Kama hamko tayari kwa hayo, msifungue.

Ubia wenye dhima yenye mpaka (LLP), ambao mbia habebi madeni ya ubia kwa mali yake, upo pia, kwa sheria ya 2011. Nimeuona zaidi kwa mawakili na wahasibu. Kwenu sioni utakachowapa ambacho kampuni haitawapa.

Aliyekuambia bila kampuni hutapata zabuni za serikali amekosea. AGPO, ile asilimia 30 ya manunuzi iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, inapokea hata wenye jina la biashara. Na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ambayo shule itaidai, utaitoa ukiwa na muundo wowote. Leseni ya kaunti ni hivyohivyo, ila angalieni chumba kiko upande gani: Githurai 44 ni Nairobi, Githurai 45 ni Kiambu.

Kampuni yangu ya sasa niliisajili 2017 na fundi mmoja kijana. Hatukugawana nusu kwa nusu, kwa sababu wawili wenye kura sawa wakikosana hakuna wa kuamua. Mimi nina hisa 600, yeye 400. Akaunti inahitaji saini mbili. Tumeandika atakayeondoka atalipwaje hisa zake na kwa miezi mingapi, na mmoja akifa familia yake itapewa nini. Siku ya kuandika hayo hatukuwa na ugomvi wowote, ndiyo maana tulimaliza kwa saa mbili.

Zungumza na binamu yako wiki hii. Mkishakubaliana cherehani zile ni za shilingi ngapi, na nani atakayesaini kwa muuza vitambaa, rudi hapa uandike, nitakuonyesha tulivyopanga vifungu vyetu.