Kabla hujampa mhusika wa pembeni kipindi chake, tazama yaliyowapata akina Roper

Komedi yoyote ya TV ikishashika watu, kuna siku bosi mmoja atasema kikaoni: "Huyu mzee anavyochekesha, kwa nini tusimpe kipindi chake?" Nimeandika skripti za vichekesho hapa Dar muda wa kutosha kuyasikia maneno hayo kutoka kwa mabosi tofauti, na huyo mzee mara nyingi ni mwenye nyumba, au shemeji, au mama wa genge. Siku hizi huwa sibishani nao. Nawaomba tukae tuangalie The Ropers, komedi ya ABC ya Marekani iliyoanza Machi 1979 na kufungwa Mei 1980. Sehemu 28, basi. Wala haikuwa mbovu. Ingekuwa mbovu nisingemsumbua mtu aiangalie.

Stanley na Helen Roper hawakuanzia humo. Walikuwa wenye nyumba katika Three's Company, iliyoanza 1977: wasichana wawili na kijana mmoja wamepanga pamoja Santa Monica, na ili mwenye nyumba asiwatimue, kijana, Jack Tripper, anajifanya shoga. Stanley, aliyechezwa na Norman Fell, anaishi chini yao na hubisha hodi wakati usiofaa. Anatoa mzaha wake, kisha anaigeukia kamera na kutabasamu, kana kwamba anatushukuru kwa kicheko ambacho bado hatujakitoa. Mkewe Helen, aliyechezwa na Audra Lindley, anajua siri ya Jack na anamficha mumewe. Nywele nyekundu za mawimbi, bangili tele, magauni mapana yenye maua makubwa ambayo ukiyaona unaona dera kabisa. Na shutuma yake kwa mumewe ni ile ile wiki hadi wiki: kitandani, bwana huyu ni wa kulala usingizi tu.

Dakika chache za hao wawili zilikuwa zinaiba sehemu nzima. ABC wakaamua kuwatoa. Hadithi ikawa wameuza lile jengo na kununua nyumba Cheviot Hills, mtaa wa watu wenye nazo huko Los Angeles, ukuta kwa ukuta na dalali wa nyumba mwenye nyodo, Jeffrey P. Brookes III, mkewe Anne, na mtoto wao mdogo, David. Ndoa mbili, mtaa mmoja, mwanamume mmoja anaona mwenzake anashusha bei ya viwanja.

Sasa swali ninalowauliza wenzangu kabla hata hatujazungumza fedha: huyu mhusika akiingia mlangoni, nani anashtuka?

Kule Santa Monica wote walishtuka. Stanley alishika funguo na kodi, na alikuwa na uwezo wa kumtoa mtu nje na godoro lake. Juu ya hapo, alikuwa mtu pekee asiyejua jambo ambalo wengine wote chumbani wanalijua. Mwandishi akipewa vitu hivyo viwili, madaraka na ujinga ndani ya mtu mmoja, kazi yake imeshafanyika nusu. Cheviot Hills wakamvua vyote. Hana mpangaji, hana wa kumtisha, hakuna siri inayomzunguka. Madaraka yamehamia kwa jirani, naye amebaki mzee mbishi kwenye kochi. Fell ni yule yule na tabasamu ni lile lile, ila sasa anaigeukia kamera kwa sababu chumbani hakuna kitu kingine cha kugeukia.

Nadhani waandishi wenyewe waliliona. Msimu wa pili wakamleta Jenny, mwanafunzi wa sanaa, apange kwa akina Roper. Mpangaji! Yaani wametoka safari yote ile kwenda mtaa wa matajiri, wakaishia kutafuta mpangaji. Ukiona kipindi kipya kinaanza kurudisha vifaa vya kipindi cha zamani kimoja kimoja, jua kwamba mle ndani watu hawalali vizuri.

Zoezi ninalolitumia ni jepesi na linaudhi. Kabla ya kuandika mpango wowote, mwandike huyo mhusika katika matukio matatu bila kumleta, kumtaja wala kumkumbuka mtu yeyote wa kipindi cha mwanzo. Tuliwahi kulifanya kwa fundi cherehani mmoja ambaye stesheni ilikuwa inamtaka sana. Tukio la kwanza lilichekesha. La pili tukajikuta tunamwandikia simu, anapigiwa na yule tajiri wa kipindi cha zamani. La tatu halikuisha. Tukamwacha fundi palepale kwenye kibaraza chake, akiingia na kutoka, na alizidi kupendwa.

Na hapa lazima niwaingize Waingereza, maana hadithi hii ni yao. Three's Company ilitoholewa kutoka Man About the House, komedi ya Johnnie Mortimer na Brian Cooke iliyorushwa na ITV kuanzia 1973 hadi 1976. Wao pia waliwatoa wenye nyumba wao, nao wakiitwa akina Roper, wakawapa kipindi cha George and Mildred, Brian Murphy na Yootha Joyce wakiongoza, nayo ikapendwa kweli: misimu mitano na sehemu 38 kufikia mwisho wa 1979, na ilikoma kwa sababu Joyce alifariki Agosti 1980, msimu mwingine ukiwa bado unasubiriwa. Wazo ni lile lile, jirani dalali mwenye nyodo ni yule yule, hata mtoto wa jirani yupo. Kwa nini kwao ikasimama?

Sababu moja huwa haizungumzwi sana, nami naiona kubwa kuliko zote. Waingereza waliifunga nyumba ya kwanza kabla ya kufungua ya pili. Man About the House iliisha, kisha katika mwaka huo huo wa 1976 George na Mildred wakaanza, tena wakihamishwa kwa nguvu: halmashauri iliinunua nyumba yao kwa lazima. Mtazamaji hakuwa na mahali pengine pa kuwaona. Wamarekani waliwatoa akina Roper wakati kule juu bado kunacheka, na katika hadithi akina Roper waliondoka wenyewe kwa kuuza jengo. Kila wiki mtu anaweza kuona alichokiacha Stanley, na kile alichokiacha kinanoga.

Sababu ya pili ni ugomvi wenyewe. Mildred naye anamsema mumewe kwa mambo ya kitandani, lakini ugomvi wao hasa ni wa tabaka. Yeye anataka kupanda, awe mtu wa Hampton Wick, mtaa wa wenye nafasi walikohamia, kwelikweli. George hataki kupanda popote na anajivunia kutotaka. Ugomvi wa namna hiyo hauishi malighafi: leo ni likizo, kesho ni wageni wa chakula cha jioni, keshokutwa ni nani asalimiane na nani. Helen wa Marekani naye alipewa hamu hiyo ya kupanda, ila mzaha wa kitandani ulikuwa umeshamtambulisha kwa watu, na kila alipofungua mdomo walikuwa wanausubiri.

Niseme zaidi kuhusu mzaha huo, kwa sababu ndio ugonjwa wa komedi zetu za ndoa pia. Mke kumdhalilisha mume, au mume kumkejeli mke, huchekesha sana kwa kupita. Katika Three's Company Helen akishampiga Stanley kijembe, tunapanda zetu juu kwa vijana na jambo limekwisha. Katika kipindi chao tunabaki nao sebuleni. Kijembe cha kwanza tunacheka, cha pili tunacheka, halafu mtu anaanza kujiuliza: huyu mama kwa nini bado yuko hapa? Swali hilo likishaingia, unaandika tamthilia ya huzuni huku umewaahidi watu vichekesho.

Mimi huzisoma skripti zangu za wanandoa kwa wanawake wa kikoba cha mke wangu kabla sijazipeleka popote. Hawana adabu hata kidogo, na ndiyo faida yao. Skripti moja ilikuwa na mume wa namna ya Stanley. Walicheka, wakacheka tena, halafu mmoja wao, mama mtu mzima, akasema kwa utulivu, "Mwanangu, huyu mwanamume anaumwa, mpelekeni hospitali." Hakuna mhariri aliyewahi kunipa sentensi yenye manufaa kuliko hiyo.

Kwa hiyo sheria yangu kwa wanandoa wa komedi: katika kila sehemu wawe na dakika moja wanapigana upande mmoja dhidi ya mtu mwingine. Fundi, jirani, mkwe, mtu wa mita, yeyote. Wadanganye pamoja, waibe pamoja, wakimbie pamoja. Mtazamaji akishaona kwamba hawa wakibanwa wanashikana, atawavumilia matusi ya nusu saa nzima. The Ropers ikifanya hivyo inang'aa, na hasa Fell na Lindley wakiachwa wawili tu, kwa sababu walikuwa waigizaji wanaojua kusikilizana.

Jirani pia msimtupe. Ukiandika ndoa mbili, ya pili isiwe ukuta wa kurushia mipira. Jeffrey Tambor, ambaye baadaye alipata jina kubwa katika The Larry Sanders Show, alimpa yule dalali wasiwasi mzuri sana nyuma ya nyodo. Na Patricia McCormack, aliyewahi kuteuliwa kuwania Oscar akiwa mtoto, alimcheza Anne kama mtu anayemhitaji Helen. Urafiki wa wale wanawake wawili ndio mlango ambao kipindi hakikuupita vya kutosha. Mimi ningekiandika kipindi kizima kutoka jikoni kwa Anne.

Saa ya kurushwa nitaisema kwa ufupi. Zile sehemu chache za mwanzo, 1979, ziliwekwa Jumanne, usiku ule ule wa Three's Company, na kipindi kikaingia kumi bora za msimu. Vuli kikahamishiwa Jumamosi jioni mapema, kugongana na CHiPs ya NBC na polisi wake wa pikipiki, na watazamaji hawakukifuata. Stesheni ikikuonyesha takwimu tamu za mwezi wa kwanza, uliza kabla yako kulikuwa na nini. Huenda hao ni wageni wa jirani waliochelewa kuondoka.

Lakini ushauri ambao ningependa waigizaji waukate na kuubandika ukutani ni wa mkataba. Norman Fell hakutaka kuondoka. Aliona wazi kwamba anaacha kipindi kinachopaa, akasita, na alikubali baada ya kupewa ahadi: kipindi kipya kikifungwa ndani ya mwaka mmoja, yeye na Lindley watarudi Santa Monica. Kikafungwa baada ya mwaka huo kupita. Fell aliamini kwamba uamuzi ulicheleweshwa kwa makusudi. Wakati huo kule juu alishaingia Don Knotts kama mwenye nyumba mpya, Ralph Furley, watu wakampenda, naye alikaa hadi Three's Company ilipoisha 1984. Akina Roper walirudi mara moja tu, 1981, kama wageni.

Basi ukiambiwa "utarudi mambo yakienda vibaya", usihesabu miezi tangu siku ya kwanza ya kurushwa, maana kalenda hiyo anaishika mwenzako. Andikeni kwamba haki ya kurudi inaanza kuhesabiwa siku utakapopewa barua ya kufungwa kwa kipindi. Andikeni barua hiyo itolewe ndani ya siku ngapi baada ya kurekodi sehemu ya mwisho. Andikeni pia nani anakaa kwenye nafasi yako huku nyuma, kwa muda gani, na kama hakuna atakayekaa, waseme hivyo kwa maandishi. Mkiona aibu kuuliza, mtumeni wakili. Wao hawaoni aibu.

Na kama bado mnamtaka yule mzee awe na kipindi chake, fanyeni hivi kwanza. Tafuteni sehemu ya kwanza ya George and Mildred na sehemu ya kwanza ya The Ropers. Zote mbili ni za kuhama. Ziangalieni usiku mmoja, ya Waingereza ikitangulia, na mwandike pembeni kila mara mtu anaposhtuka kwa sababu Roper ameingia.