Kosa liko kwenye Kiingereza: mfasiri afanyeje?

Ndugu Mhariri,
Ninatafsiri kwa kujitolea kurasa za mwongozo za programu huria zinazotumika kwenye Linux. Mara nyingi kasoro huwa imo ndani ya Kiingereza chenyewe: aya moja inasema programu husubiri sekunde 30 kabla ya kukata muunganisho, na aya inayofuata inasema 60. Je, nirekebishe kimyakimya katika tafsiri yangu, au niwaandikie wenye programu? Na nikiandika, nimwandikie nani?
Msomaji, Morogoro

Waandikie. Ukirekebisha katika tafsiri peke yake, msomaji wa Kiswahili atapata maelezo tofauti na ya msomaji wa Kijerumani, na atakayekuja kuipitia kazi yako baadaye hatajua kwa nini umeachana na matini asilia. Isitoshe, huwezi kujua kwa kusoma tu kama iliyo sahihi ni 30 au 60. Jibu limo katika msimbo, au katika kuiendesha programu yenyewe na kuipima. Usipoweza kufanya hivyo, sema tu kwamba aya hizo mbili zinapingana, na uamuzi umwachie mwenye programu.

Kuhusu wa kumwandikia, fungua faili yako ya PO, yaani faili yenye sentensi za Kiingereza na tafsiri zake, na utazame maelezo ya mwanzo kabisa. Humo mna mstari wa Report-Msgid-Bugs-To, ambao uliwekwa kwa ajili ya jambo hili hasa: ni anwani ya kupelekea kasoro za matini asilia, wala si ya timu ya lugha, ambayo ina mstari wake. Baadhi ya miradi huuacha mtupu, na hapo itakubidi uangalie mwishoni mwa ukurasa wa mwongozo, ambako mara nyingi huelezwa namna ya kuripoti. Debian, mradi unaosambaza Linux na programu zake zikiwa katika vifurushi, nao wana mfumo wao unaopokea taarifa kwa barua pepe, ambapo mistari ya kwanza ya barua hutaja kifurushi na toleo. Lakini kama kasoro ilitoka kwa waandishi wa awali, ni afadhali uwapelekee wao moja kwa moja, kwa sababu anayetunza kifurushi huko Debian naye atalazimika kuifikisha kwao.

Kabla ya kutuma, soma ukurasa huo katika hazina ya msimbo, kwani matini unayotafsiri huenda ni ya miezi mingi iliyopita na kosa limekwisha kuondolewa. Kisha andika kwa ufupi. Taja ukurasa na toleo, nakili sentensi zote mbili neno kwa neno, eleza tatizo, na utoe pendekezo. Usisahau mstari unaoanza na alama #: juu ya sentensi katika faili ya PO, kwa sababu huonyesha sentensi hiyo ilitoka faili gani, na mara nyingi na namba ya mstari pia, hivyo mtunzaji aliyepewa hayo hahitaji kutafuta.

Koma zilizopotea zipeleke pia, ila usizichanganye na makosa ya maana. Nimeona barua ndefu za wafasiri ambamo chaguo lililoelezwa kinyume na kazi yake limefunikwa na orodha ya nafasi mbilimbili baada ya nukta. Anayesoma huchoka kabla hajalifikia.

Ndugu Mhariri,
Niliripoti kosa na sijajibiwa hadi leo. Niache?
Msomaji, Kisumu

Usiache, ila badili namna. Watunzaji wengi wa programu huria hufanya kazi hiyo baada ya saa za ajira zao, na taarifa iliyoambatanishwa na kiraka kilicho tayari, yaani faili ya marekebisho yenyewe, humpunguzia mtu kazi kuliko malalamiko, hata yawe ya adabu kiasi gani. Kumbusha mara moja ukijibu barua yako ileile, ili historia ibaki mahali pamoja.

Ndugu Mhariri,
Walisahihisha herufi moja tu ya Kiingereza, na sentensi niliyokwisha kuitafsiri ikarudi kuwa ya Kiingereza. Kwa nini?
Msomaji, Dodoma

Kwa sababu matini asilia ikibadilika hata kidogo, programu ya msgmerge, inayooanisha faili za PO na matini mpya, huiwekea tafsiri yako alama ya fuzzy, yaani “inahitaji kukaguliwa tena”, na msgfmt, programu inayozigeuza faili za PO kuwa muundo unaotumiwa na kompyuta, kwa kawaida huziruka sentensi zenye alama hiyo. Kwa kurasa zinazoandaliwa kwa po4a, chombo cha kutafsiri nyaraka kupitia faili za PO, athari huwa kubwa zaidi: kwa kawaida, tafsiri ikishuka chini ya asilimia 80, ukurasa mzima hautolewi. Isome tena sentensi yako, na kama maana haikuguswa, ondoa alama hiyo. Safari nyingine, unaporipoti kosa la tahajia tu, mwombe mtunzaji atumie msguntypot, chombo kinachokuja pamoja na po4a, ambacho husahihisha matini asilia bila kuzitia alama tafsiri za lugha zote.