Mwanangu, ile baiskeli haikuibwa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo. Baba yako goti linamsumbua kila mvua ikikaribia, mengine salama. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana simu yako hapo nyumbani inashikwa na kila mtu, na yangu sauti yake inafika hadi kwa jirani. Barua imo ndani ya mfuko wa machungwa ya Muheza. Dereva wa basi nimemkabidhi mwenyewe mkononi.

Juzi usiku uliniuliza: "Mama, hivi mtu anaanzaje kumwambia mwenzie jambo ambalo kila siku linazidi kukua?" Nikakwambia nipe siku mbili. Ulizungumza sana usiku ule. Duka lilivyodorora, ada ya mtoto, yule kijana wa kausha damu, mikopo ya riba kubwa, anayekuja kila saa kumi jioni na daftari lake kudai rejesho, mkopo wa pili uliochukua kulipa ule wa kwanza, na namna ulivyomwambia mumeo kwamba yule kijana anauza vocha. Yote umenieleza. Ila mwanangu, muda wote ule hukutaja unadaiwa shilingi ngapi.

Nilipokata simu nikacheka peke yangu jikoni, kicheko cha uchungu, kwa sababu nilijiona mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino bado hazijatuachia. Wewe ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa kijumbe wa mchezo, wanawake 12 wa Ngamiani, kila mmoja 2,000 kwa wiki, mwenye zamu anaondoka na 24,000. Nakusanya hadi Alhamisi, Jumamosi nakabidhi. Hela inakaa kwenye kopo la maziwa uvunguni mwa kitanda. Kijumbe halipwi, analipwa kuaminiwa tu, na zamu ya kwanza huwa ni yake.

Vitumbua siku hizo haviuziki. Nani atoke alfajiri na tope lile kununua kitumbua? Ijumaa asubuhi nikapita soko la Mgandini, nikamkuta mtu ana gunia la mchele analitoa kwa bei ya kushangaza. Anasema ana safari. Nikarudi nyumbani mbio, nikafungua kopo, nikachukua zote 24,000, nikaongezea na za kwangu. Sikuibiwa, sikuwa na mgonjwa, hamkulala njaa. Nakwambia hivi kwa sababu miaka mingi nilipokuwa nikijisimulia kisa hiki nilikuwa natia mgonjwa ndani yake.

Mchele ulikuwa mkavu juu, katikati umevunda. Nikauroweka, nikausaga, nikatia tui, iliki nikazidisha makusudi. Chuma kilipopata moto harufu ikapanda, kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni siku tatu. Tukawatupia kuku. Na kuku wenyewe walikuwa wanachagua.

Zamu ilikuwa ya mwenzetu wa Barabara ya 12, mjane, anangoja hela ile anunue bati. Jumamosi alipokuja nikamwambia wengine hawajatoa. Jumatatu akarudi, nikamwambia hivyohivyo. Hapo ndipo ninapoona haya mpaka leo, kuliko hata kula ile hela: niliwapaka matope wanawake waliokuwa wametoa mapema, mmoja wao alikuwa ametoa sarafu tupu.

Jumatano nikaenda kwake kusema. Nilianza na machozi. Nikaeleza mvua, nikaeleza vitumbua, nikaeleza watoto, nikaeleza yule mtu wa Mgandini. Masikini yule mama alidhani nimefiwa. Akanikalisha kwenye mkeka, akanipa chai, pole dada, pole sana, Mungu yupo. Kila pole moja ikanifanya ile 24,000 iwe nzito zaidi kuitoa mdomoni. Pembeni yetu palikuwa na sufuria, maji yanadondoka kutoka darini, tu, tu, tu. Nilipokuja kusema ya maana chai ilikuwa imeshapoa.

Hakupiga kelele. Alikichukua kikombe changu, akamwaga chai iliyobaki, akakiweka chini ya tone jingine. Kisha akasema: "Ungeniambia tangu mlangoni, dada. Umenimalizia pole zangu za wafiwa."

Usiku ule nikamwambia baba yako. Hapo nilikuwa nimejifunza nusu ya somo, maana nilianza na kiasi, ila nikakipunguza. Nikasema 15,000. Sijui kwa nini, mwanangu. Niliona 24,000 ni ya mwizi na 15,000 ni ya mtu aliyekosea hesabu.

Baba yako hakusema kitu. Kesho yake akatoka na Phoenix yake, akarudi kwa miguu. Unaijua Tanga, mwanamume bila baiskeli ni kama amekatwa mguu, na yeye alikuwa anaiendea bandarini kila siku. Ameiuza 20,000. Akaniwekea 15,000 mezani, akazipanga. Kwenye ile 5,000 alikuwa amenunua kipande cha nguru na kandambili mpya za kwangu, za bluu, kwa sababu aliona siku nyingi natembea na zilizoshonwa na waya. Alikuwa amefurahi! Anaona jambo limekwisha.

Ikabidi nimwambie bado 9,000.

Lile deni la kwanza hakulikasirikia. Hilo la pili alilikasirikia miezi. Samaki hakumgusa. Umeshawahi kuniuliza kwa nini baba yako, hata nikimtajia bei ya nyanya, huuliza, "Ndiyo yote?" Basi umejua.

Wewe tulikwambia baiskeli imeibwa. Ulilia, kisha ukarudi chuo cha Kurani ukamwombea mwizi dua mbaya na wenzio, mikono juu, mkasema amina. Nilikuwa nimesimama dirishani nakusikia.

Wale wanawake kumi waliobaki niliwapitia mmoja mmoja, na huko sikuingia ndani. Mlangoni: "Nimekula 24,000 za mchezo, na nilisingizia hamjatoa. 15,000 nimesharudisha, 9,000 nalipa 1,500 kila wiki." Wawili walinitukana. Wengine walitikisa kichwa. Ukijumbe ukaenda kwa mwingine, haki yao. Wiki ya sita nikamaliza.

Basi jibu langu ndilo hilo. Chukua daftari, kila anayekudai mpe mstari wake: ulichochukua, ulicholipa, kilichobaki, na faini kama ipo. Jumlisha mara mbili. Usipunguze hata elfu kumi. Mumeo akishakula na watoto wakilala, sentensi ya kwanza iwe ile tarakimu, kisha unyamaze. Habari ya duka na ada ataiuliza mwenyewe. Ukianza na sababu utapewa pole, na utajikuta unazililia hizo pole badala ya kusema.

Yule kijana naye mwambieni aonyeshe leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni ya Benki Kuu. Akiwa hana, mliyochukua bado mtayarudisha, lakini mtazungumza naye mkiwa mmenyoosha mgongo. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024, ni ya vikundi na ina mlolongo wake, haitakufaa wiki hii.

Kikoba chetu kinavunjwa mwezi ujao, mgao wangu unafika 150,000. Ni zako. Ila sitatuma mpaka mumeo mwenyewe anipigie aniambie anajua. Usione namkazia mtoto wangu. Nikikutumia leo utaziba tundu moja, kesho saa kumi kijana yupo tena mlangoni na vocha zake.

Hasira ya mumeo siwezi kukuchukulia dhamana. Mkwe wangu ni mpole, lakini wapole wakikasirika hukaa nayo.

Machungwa ya juu ndiyo yameiva, anzeni nayo. Baba yako yuko msikitini, hajui kama nimekueleza habari ya baiskeli. Akirudi tu, kabla hajavua kofia, nitamwambia. Na ninajua atakachouliza.

Mama yako