Nyayo bapa zina lawama isiyo yao: imarisha vigimbi kwanza, ndipo ukimbie

Pumzi hurudi upesi kuliko kano. Aliyeacha kukimbia mwaka mzima, wiki chache tu zinatosha mapafu yake kumruhusu kilomita tano, ilhali kano na mifupa ya chini ya goti bado inadai miezi. Hapo ndipo wenye nyayo bapa wanapoumia, kisha nyayo zinalaumiwa. Mara nyingi kosa liko juu kidogo: kigimbi kimeshindwa kuubeba mwili unaotua kwa mguu mmoja, kila hatua, kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wako.

Kwanza jua ubapa wako ni wa namna gani. Lowesha unyayo, kanyaga sakafu kavu ya saruji. Alama ikijaa bila kumeguka upande wa ndani, unyayo ni bapa. Sasa simama kwa vidole, mtu akutazame kwa nyuma. Tao, yaani mkunjo wa chini ya unyayo upande wa ndani, likichomoza na kisigino kikageukia ndani, ubapa huo ni wa kulegea, na wengi wenye nao hukimbia bila shida. Tao lisipochomoza kabisa, au kama ni mguu mmoja tu ulioanza kubapa ukubwani, tena una uvimbe nyuma ya kifundo upande wa ndani, acha mbio na uende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huenda kano inayoinua tao imechoka au inachanika, na mazoezi ya kujitungia yataizidisha.

Kipimo cha pili ndicho chenye maana zaidi. Simama mguu mmoja, vidole viwili vya mkono vikigusa ukuta, inua kisigino mpaka mwisho wake. Sekunde mbili kupanda, moja kutulia, tatu kushuka. Hesabu mpaka kisigino kianze kufika chini ya nusu. Lengo ni 20 hadi 25 kila mguu. Wengi hukwama kwenye 8 au 10, na mguu mmoja huwa nyuma ya mwenzake. Chini ya 20, usikimbie bado. Tembea haraka nusu saa, siku nne kwa wiki, huku ukiujenga mguu.

Kuujenga ni mara tatu kwa wiki. Zoezi kuu ni hilohilo la kuinua visigino, kwa miguu yote miwili kwanza, mizunguko mitatu ya 12, ukiwa umebana soksi zilizoviringishwa katikati ya visigino. Kule kubana kunaiamsha kano ya upande wa ndani, ile inayoshikilia tao. Ukizoea, hamia mguu mmoja, kisha shika jerikeni la lita 5. Likijaa maji ni kilo 5, hakuna haja ya jimu. Kosa linaloharibu zoezi hili ni uzito kukimbilia kidole kidogo. Kandamiza chini ya kidole gumba muda wote.

Halafu msuli wa ndani wa kigimbi, ambao hufanya kazi zaidi goti likikunjwa, na ndio unaobeba mzigo mkubwa ukikimbia polepole. Keti kwenye kiti, weka kitambaa kilichokunjwa juu ya paja karibu na goti, jerikeni la lita 10 juu yake, inua kisigino mara 15, mizunguko mitatu. Kwa upande wa mbele wa ugoko, egemea ukuta, miguu sentimita 30 mbele, inua vidole mara 20. Mwisho, unyayo wenyewe: ukiwa umesimama, vuta kitako cha kidole gumba kuelekea kisigino, tao liinuke, shikilia sekunde 5, mara 10. Vidole vikijikunja kama vinanyakua kitu, umekosea, vinatakiwa vilale.

Ukifika 20 kwenye kile kipimo cha kuinua kisigino, anza. Wiki ya kwanza kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, siku tatu zisizofuatana. Ya pili 2 kwa 2, mara 6. Ya tatu 3 kwa 1, mara 6. Ya nne 5 kwa 1, mara 4. Ya tano 8 kwa 1, mara 3. Ya sita, dakika 25 mfululizo. Wiki ikikushinda, irudie.

Maumivu yapime kwa kumi. Hadi tatu, yakiisha asubuhi inayofuata, endelea. Uchungu uliotanda kwenye ukingo wa ndani wa ugoko ni onyo: punguza nusu. Ukiwa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, na unauma hata usiku, acha kabisa. Mfupa unaweza kuwa na ufa, na picha ya eksirei ya wiki za mwanzo huenda isiuonyeshe.

Kampala ni vilima, na kuteremka ndiko kunakoutesa ugoko. Panda ukikimbia, teremka ukitembea, au tafuta uwanja wa mpira wa shule. Barabara ya maramu, ile ya udongo mwekundu, ni laini kuliko lami, ila mvua ikichimba mifereji, kifundo kiko hatarini. Na lami zetu zimeinama pembeni: ukikimbia kulia ukiyakabili magari, kama inavyopasa, mguu wa kushoto unakaa juu na kulalia ndani zaidi. Kama ni huo tu unaouma, usitafute mchawi.

Viatu vya mivumba, yaani mitumba, pale soko la Owino vinafaa ukivikagua. Viweke mezani, tazama kwa nyuma: kikilalia ndani, kiache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Povu lisiporudi, limekufa hata kama juu kinang'aa. Jaribu jioni, ukiwa umesimama, kwani unyayo bapa hurefuka ukibeba uzito. Bakiza upana wa kidole gumba mbele. Soli za kuinua tao hupunguza maumivu lakini haziongezi nguvu. Zizoee kwa kutembea, saa moja siku ya kwanza, usizianzie mbioni. Lugabire, zile ndala za matairi, baki nazo nyumbani.

Na usiige mtuo wa Joshua Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mwaka 2020. Kutua kwa mbele ya unyayo kunauhamishia mzigo kigimbi, kilekile ambacho bado unakijenga. Fupisha hatua tu: hesabu hatua za dakika moja, ongeza asilimia 5. Zikiwa 160, nenda 168.

Anayelenga kilomita 10 za MTN Kampala Marathon mwezi Novemba ahesabu kurudi nyuma: wiki sita za nguvu, sita za kukimbia na kutembea, sita za kuongeza umbali. Hiyo ni Julai. Ukishtuka Oktoba, lipia, lakini nusu yake itembee.