Kwa skora mpya: ya kujua kabla msimu wa ova 50 haujaanza

Kila msimu ukikaribia, klabu za kriketi hutafuta watu wa kukaa na kitabu cha alama, na wengi wanaopatikana ni wageni kabisa wa kazi hii. Mmoja ni mchezaji aliyeumia goti, mwingine ni mwanafunzi anayependa hesabu, mwingine ni dada aliyekuja kumshangilia kaka yake akaambiwa, "Hebu shika hapo kidogo." Kama wewe ni mmoja wao, na utaandika mechi za siku moja hapa Nakuru mwaka huu, karibu sana. Nimeikalia meza hiyo muda wa kutosha kuipenda, na nataka uanze ukijua kazi yenyewe ni ipi.

Watu hudhani skora yuko pale ili mashabiki wajue nani anaongoza. La. Skora yuko pale kwa sababu msimamo wa ligi, Desemba au mwezi wowote msimu utakapoishia, utatoka kwenye kitabu chake. Ligi ya ova 50, kila ova ikiwa mipira sita, huwa na mechi chache, maana kila mechi inakula siku nzima. Timu mbili au tatu kumaliza na pointi sawa si jambo la ajabu. Zikifungana, kanuni za mashindano mengi hutazama wastani wa mikimbio (mkimbio ndiyo alama ya kriketi), na hapo mkimbio mmoja ulioandikwa vibaya mwezi wa pili unaweza kumnyima mtu kombe.

Kwa hiyo jifunze wastani huo kabla hujajifunza kitu kingine chochote. Unachukua mikimbio yote ambayo timu imepata msimu mzima, unagawa kwa ova zote ilizopiga. Kisha unachukua mikimbio yote iliyofungwa na wapinzani, unagawa kwa ova zote ilizorusha. Unatoa cha pili kutoka cha kwanza. Ni jumla ya msimu mzima inayogawanywa. Ukikokotoa kila mechi peke yake kisha ukatafuta wastani wa hizo wastani, utapata jibu jingine, nalo si sahihi.

Mitego iko miwili. Wa kwanza ni timu inayotolewa yote, yaani wapigaji wake wameisha kabla ya ova. Tuseme wenyeji wamepata 212 katika ova 50, wageni wakatolewa wote kwa 168 katika ova ya 39. Skora mpya ataandika kwamba wageni walipiga ova 38 na mipira minne, atagawa, na atawapa wageni wastani mzuri kuliko wanaostahili. Timu ikitolewa yote huhesabiwa ova zake zote 50. Wageni hapo wana 168 kwa 50, yaani 3.36. Wenyeji wana 4.24. Tofauti ni 0.88, na ndiyo inayoingia upande wa wenyeji.

Mtego wa pili ni nukta. Kitabu kikisema 32.3, maana yake ni ova 32 na mipira mitatu, na mipira mitatu ni nusu ya ova. Kwenye kikokotoo unaingiza 32.5. Timu iliyofikia 169 kwa ova hizo ina wastani wa 5.20 kamili. Ukiingiza 32.3 kama ilivyo, kikokotoo kitakupa 5.23, na hakuna atakayeshtuka, kwa sababu tarakimu zinafanana na za kweli. Makosa ya aina hii ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote. Kosa kubwa hujitangaza lenyewe. Dogo hulala kwenye jedwali hadi siku ya mwisho.

Sasa kitabu. Nunua penseli mbili za HB, kichongeo na kifutio, ziwe zako, usizitegemee za klabu. Kila mpira una alama yake. Mpira usio na mkimbio ni nukta. Waidi, mpira uliopita mbali na mpigaji, ni msalaba, na kama wapigaji wamekimbia juu ya waidi, nukta huongezwa kwenye pembe za msalaba. Nobolo, mpira uliorushwa kinyume cha sheria, ni duara. Mikimbio iliyotoka kwenye gongo huandikwa ndani yake. Bai, mikimbio iliyopatikana bila mpira kugusa gongo wala mwili, ni pembetatu yenye ncha juu; legi bai, mpira ukiwa umegusa mwili, ni pembetatu yenye ncha chini. Ova yenye nukta sita tupu, unaziunganisha kwa mstari zikawa herufi M, yaani meideni, ova ambayo mrushaji hakutozwa mkimbio. Kama ndani yake kuna wiketi ya mrushaji, yaani amemtoa mpigaji, unaziunganisha zikawa W. Bai na legi bai haziharibu meideni, kwa sababu mrushaji hatozwi mikimbio hiyo. Waidi na nobolo huiharibu, kwa sababu anatozwa. Na mpigaji: nobolo inahesabiwa kuwa mpira aliokabili, waidi haihesabiwi. Mpigaji mwenye hamsini kwa mipira 60 atakuja kukuuliza habari hiyo, na ana haki ya kuuliza.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba kinajikagua chenyewe, na sijui kwa nini watu wengi hawafundishwi jambo hili siku ya kwanza. Tuchukue zile 212. Wapigaji wote wakijumlishwa wana 187. Ziada ni 25: waidi 14, nobolo 3, bai 2, legi bai 6. Jumla 212, vizuri. Sasa nenda upande wa warushaji. Jumlisha mikimbio waliyotozwa, lazima ufike 204, kisha ongeza bai na legi bai, 8, urudi 212. Pande mbili zisipokutana, kuna mpira mmoja mahali fulani umeandikwa upande mmoja tu. Fanya ukaguzi huo kila ova tano, usingoje mwisho wa ingizo, yaani zamu ya timu kupiga. Kutafuta mpira mmoja kati ya 30 ni kazi ya dakika moja. Kuutafuta kati ya 300 huku wachezaji wamekwisha kula na waamuzi wanarudi uwanjani ni mateso.

Usidharau ziada. Tarehe 29 Februari 1996, kule Pune nchini India, Kenya iliishangaza dunia kwa kuifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilipata 166, West Indies wakatolewa kwa 93, na Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. Wazee wetu wanaisimulia mechi hiyo hadi leo. Lakini tazama kadi ya alama: mpigaji bora wa Kenya, Steve Tikolo, alipata 29, na ziada zilikuwa 37. Hakuna Mkenya aliyefikisha mchango huo kwa gongo siku ile. Mtu fulani alikaa mezani akaandika kila waidi na kila nobolo mahali pake.

Mezani hamuwi peke yenu. Sheria ya tatu ya kriketi inataka skora wawili, na kwa kawaida kila timu huleta mmoja. Kaeni pamoja, bega kwa bega. Mwenzako wa timu pinzani si adui. Ndiye mtu pekee uwanjani anayeweza kukuokoa. Mwisho wa kila ova mmoja aseme jumla, wiketi na tarakimu za mrushaji (ova, mikimbio, wiketi), mwingine aitikie. "Themanini na saba kwa mbili, mrushaji nne, kumi na tisa, moja." "Sawa." Mkitofautiana, simamisheni mazungumzo mengine yote hapo hapo.

Na ishara za mwamuzi lazima uzijibu. Anaponyoosha mikono yote miwili pembeni kwa waidi, anapoinua kiganja wazi juu ya kichwa kwa bai, anapogusa goti lililoinuliwa kwa legi bai, anabaki akitazama mezani hadi aone mkono wako umeinuka. Mpira unaofuata usirushwe kabla hujajibu. Skora wapya huona haya, huinua kidole kidogo chini ya meza. Inua mkono wote! Ukiwa umekaa mbali chini ya mti na jua la alasiri liko nyuma yako, mwamuzi haoni kidole. Chagueni meza mahali panapoonekana kutoka katikati ya uwanja, hata kama pana joto kuliko kwenye baraza ya klabu.

Andika alichoamua mwamuzi, si ulichoona wewe. Hili ni gumu zaidi ukiwa unaandika mechi ya timu yako. Mpira umegusa glavu iliyoshika gongo, ambayo huhesabiwa kama gongo, wewe umeona, wachezaji wote benchi wameona, mwamuzi amegusa goti: ni legi bai. Kaka fulani atakuja nyuma yako anong'one, "Mpe Brayo hizo mbili, zilitoka kwenye gongo." Mwambie kwa heshima aende akamuulize mwamuzi wakati wa mapumziko. Vivyo hivyo mwamuzi akihesabu vibaya akaruhusu mipira saba kwenye ova, ova hiyo inabaki kama alivyoihesabu. Andika saba. Usipunguze ili ukurasa upendeze. Jambo moja ambalo unapaswa kulitaja mapema ni ukomo wa mrushaji, ova 10 kila mmoja katika mechi ya ova 50. Nahodha aliyechanganyikiwa anaweza kumpa mtu ya 11, na wewe ndiye mwenye hesabu mbele yako.

Sheria nazo hubadilika, na mazoea ya utotoni hayafuti mabadiliko. Tangu Oktoba 2022, mpigaji akitolewa kwa mpira kudakwa, anayeingia ndiye anayekabili mpira unaofuata, hata kama wapigaji walikuwa wamepishana, isipokuwa ova imekwisha. Bado nawaona watu wakimwandikia mpira mpigaji asiyekuwepo upande huo. Soma kanuni za mashindano yenu mwaka huu, zisome zote: pointi za mechi isiyo na matokeo, idadi ya ova zinazotosha kuwa mechi, kama nobolo zote zinatoa mpira wa bure, ambao mrushaji hawezi kumtoa mpigaji. Kwenye mechi za kimataifa za ova 50 timu ya pili lazima ipate nafasi ya ova 20 ndipo pawe na matokeo, lakini ligi ya klabu inaweza kuwa na utaratibu wake.

Naja kwenye mvua, maana mwenyeji wa Nakuru anajua asubuhi ya jua kali haimaanishi lolote saa tisa alasiri. Hasa Aprili. Mvua ikikatisha mechi, kitabu chako ndicho hati pekee. Saa ya kusimama iandikwe, saa ya kuanza tena iandikwe, mpira wa mwisho uliorushwa uandikwe, na wiketi zilizoanguka wakati huo. Njia ya Duckworth na Lewis ya kukokotoa lengo jipya mechi ikipunguzwa na mvua, iliyotumika kwa mara ya kwanza mwaka 1997 na ambayo sasa ina jina la Stern pia, hutazama vitu viwili timu ilivyobakiwa navyo: ova na wiketi. Ukikosea wiketi moja, lengo jipya linaloletwa linakuwa la mechi nyingine. Na lengo likishabadilishwa, wastani wa mikimbio haukokotolewi tena kwa mikimbio halisi ya timu ya kwanza; kwa utaratibu wa kimataifa timu hiyo hupewa lengo jipya ukitoa mmoja, kwa ova zilizopangiwa timu ya pili. Kitabu chenyewe kiwe kwenye mfuko wa plastiki dakika ile ile waamuzi wanapoondoa vigingi. Penseli hustahimili unyevu, wino hutiririka.

Mechi za Kisumu zina mambo yake. Mtaondoka alfajiri, mtapita Mau Summit na Kericho mkivaa sweta, mkiteremka Ahero sweta zimo begini. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu karibu 1,130, na mwili hulijua hilo kabla ya kichwa. Saa nane mchana ukiwa mezani bila kofia, macho yanaanza kuruka mistari. Beba maji mengi, kula kidogo, na omba mtu mmoja wa kukupokea kwa ova moja ili unyooshe mgongo, lakini awe anajua kuandika.

Programu za simu ni nzuri na ninazitumia. Huchora grafu, hukokotoa wastani zenyewe, na mashabiki walio Nairobi au Eldoret wanafuatilia. Karatasi iwepo hata hivyo. Betri huisha ova ya 43.

Mpira wa mwisho ukirushwa, usiinuke kwenda kushangilia wala kufariji. Funga hesabu kwanza, pande zote mbili zikutane, mlinganishe na mwenzako, kisha wasubiri waamuzi waje meza yenu wathibitishe matokeo. Piga picha kurasa zote za maingizo mawili zikiwa zimenyooka, uzitume kwa msimamizi wa ligi usiku huo huo na nakala kwa skora mwenzako, maana Jumatatu asubuhi nahodha wa timu ya tatu, ambaye hata hakuwepo, atapiga simu kuuliza habari ya ile legi bai ya ova ya 31.