Mshipi hauzungushwi mkononi

Kidole cha shahada cha swahibu yangu hadi leo hakikunjiki sawasawa. Kilikatwa na mshipi wa kuvulia jodari, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa.

Yeye ni mtu wa Mjini Unguja, kazi yake ofisini. Alikuja kwetu Chake Chake, Pemba, harusini, akaniomba nimtoe bahari kuu. Tuliondoka Wesha baada ya sala ya Alfajiri, watu watatu na nahodha akiwemo, kwa fiberi, boti ndogo ya mashine moja. Ilikuwa Novemba, wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Kwa asiyezoea bahari wakati ndio huo. Mwezi wa Julai kusi ikivuma, mimi mgeni simchukui hata akinilipa.

Nilidhani nimemwandaa. Usiku wake nilimwambia asile mafuta mengi, na dawa ya kichefuchefu aimeze saa nzima kabla ya kupanda. Wengi huimeza wakiwa wameshaanza kutapika, ikatoka palepale. Chomboni nilimkalisha mbali na moshi wa petroli, macho yake mbali kwenye upeo. Jaketi okozi alilivaa tangu ufukweni, na hapo sibishani na mtu. Tangu Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama upande wa Nungwi ikija huku kwetu Pemba, siwezi kumwona mtu amelikalia jaketi kama mto nikanyamaza. Chombo kikipinduka, nani atapata nafasi ya kulitafuta?

Tukakiacha kisiwa cha Misali nyuma yetu. Pale ni hifadhi, na kuna sehemu haivuliwi kabisa, kwa hiyo muulize nahodha mpaka uko wapi kabla hujatupa mshipi. Ukikipita kwenda magharibi, chini panaporomoka. Kati ya Unguja na bara maji ni mafupi, lakini kati ya Pemba na bara kina kinafika kama mita 800, ndiyo maana jodari, nguru na sulisuli hupita karibu na kwetu. Watafute kwa ndege. Ndege wakijirusha majini pahali pamoja, pana vidagaa, na vidagaa hawapandi juu bila kufukuzwa na wakubwa.

Tulikuwa tunaburura mishipi miwili ya mkono, na jodari wawili wameshaingia. Swahibu yangu mkono ukamchoka, akauzungusha mshipi mara mbili kiganjani usije ukamponyoka. Sikumwona. Wa tatu hakuwa mkubwa, kilo kumi na kitu kwa kukisia, lakini jodari akikamata huzama moja kwa moja. Mshipi ukakaza, ukaingia nyamani. Alitaka kuachia akashindwa, umeshamfunga. Akavutwa hadi kifua kikagonga ubavu wa chombo. Nahodha aliruka na kisu akaukata. Kisu chake hukichomeka pahali pamoja siku zote, na siku ile nilielewa kwa nini.

Alimfunga kitambaa safi, akamwinua mkono juu ya kichwa. Kisha akanigeukia mimi: "Yakhe, mgeni wako umempa dawa ya kutapika, kushika mshipi hukumfunza."

Alisema kweli, na ndiyo sababu naandika. Mshipi hupitishwa juu ya vidole, mkono wazi, ili samaki akivuta uteleze wenyewe. Vaa glovu, au vipande vya mpira wa baiskeli vidoleni. Mshipi unaouvuta uweke ndani ya ndoo, usiuache ukizagaa miguuni, maana mguu nao hunaswa. Ncha ya mwisho ifunge kwenye dumu tupu: samaki akikuzidi nguvu, tupa dumu baharini mumfuate polepole. Ukichoka, sema umechoka, mwenzako aupokee.

Damu ilipokata, swahibu yangu akasema tuendelee kidogo, maana ndege walikuwa bado wanajirusha. Nahodha hakumjibu, aligeuza. Mkono ulitaka kushonwa, na upepo wa kaskazini umeanza kupanda. Mkondo wa huko hwenda kaskazini mwaka mzima, upepo ukija kinyume chake mawimbi husimama mafupi, yamekaribiana, na chombo kidogo hupigwa vibaya. Kubalianeni mkiwa bado ufukweni kwamba neno la kurudi ni la nahodha peke yake.

Njiani niliwaangalia wale jodari wawili. Jodari mkate matamvua mara tu anapoingia, damu itoke, kisha mfunike kwa barafu. Mwili wake una joto. Akiachwa juani hujenga sumu isiyobadili sura wala ladha, na haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Mlaji uso humwiva, kichwa kikamgonga, mwili ukamwasha. Kama barafu hamna ya kutosha, msivue jodari siku hiyo.

Juzi amenipigia simu, anataka kurudi Machi kaskazi ikilegea. Nimemwambia aje siku mbili mapema. Tutakaa barazani kwangu na mshipi, ndoo ya mchanga ikining'inia upande wa pili, niwe naiachia ghafla bila kumwambia, mpaka mkono wake uzoee kufunguka wenyewe.