Barua kwa mwanangu: nyoka hayumo

Mwanangu,

Picha ya yule mende mweupe nimeiona, na maneno yako chini yake nimeyasoma mara mbili: "Mama, huyu ana ualbino au anaumwa? Na kama amejivua gamba, basi yeye na nyoka ni ndugu?" Swali la kwanza halina kazi. Mende wako mzima kabisa. Ametoka kwenye gamba muda si mrefu; baada ya saa chache atakuwa mgumu na kahawia, wala hutamjua kati ya wenzake. La pili ndilo lililoninyima usingizi, maana miaka yote niliyoshika chaki nilichora ukoo huo kimakosa.

Nyoka tumtoe kwanza. Yeye ana mifupa ndani kama wewe. Anachovua ni tabaka la juu la ngozi, seli zilizokwisha kufa. Wewe nawe unazipukutisha kila siku, ila kidogo kidogo. Mwenzako anazivua kwa mkupuo. Kwa ukoo yuko karibu nawe kuliko alivyo karibu na mende.

Mende hana mfupa hata mmoja. Gamba ndilo mifupa yake, na halina seli ndani yake: ngozi ililitoa likakauka juu yake kama rangi ukutani. Akitaka kukua, hana budi kulipasua. Hapo homoni iitwayo ekdisoni hupanda mwilini, ngozi ikabanduka kutoka kwenye gamba kuukuu na kutengeneza jipya, laini, lililojikunja chini yake. Sehemu ya ndani ya lile la zamani huyeyushwa na kunyonywa, mali isipotee. Kisha humeza hewa, akavimba, gamba likachanika mgongoni, naye akajichomoa kichwa, miguu, hadi vipapasio. Hata bitana ya koo na ya utumbo wa nyuma hutoka! Adolf Butenandt na Peter Karlson, waliofanikiwa kuitenga homoni hiyo mwaka 1954, walitumia karibu kilo 500 za mabundo (hatua kati ya kiwavi na nondo) ya nondo wa hariri wakaambulia miligramu 25.

Sasa kosa langu. Georges Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Kifaransa wa karne ya 19, aliangalia pingili: nyungunyungu anazo, tandu anazo, basi akawaweka nyumba moja. Nami nikafundisha hivyo. Minyoo wa mviringo, kama wale wa tumboni, ambao hawana pingili, tuliwatupa mbali chini ya mti wa ukoo. Tulijua vizuri kwamba hujivua mara nne kabla ya kukomaa. Tukasema ni sadfa tu.

Mwaka 1997 Anna Marie Aguinaldo na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni moja ya ribosomu (kiwanda cha protini ndani ya seli) kwa wanyama wengi. Ujanja wao ulikuwa katika kuchagua minyoo. Yule aliyezoeleka maabara ana jeni zinazobadilika mbio, kwa hiyo huonekana mgeni kwa kila mtu, kama ndugu aliyekaa ughaibuni hadi lafudhi ikabadilika. Wao wakatafuta minyoo ambao jeni zao hubadilika polepole, na hao wakaangukia moja kwa moja upande wa mende. Kundi likapewa jina Ekdisozoa, kutokana na neno la Kigiriki la kuvua. Lina faila, yaani makundi makuu ya wanyama, nane: wadudu, kaa, nge, buibui na jamaa zao ni faila moja, minyoo wa mviringo nyingine, wamo pia dubu wa maji (viumbe vidogo mno vya majini), minyoo-mahameli wenye vijiguu laini, minyoo mfano wa unywele, na wengine watatu wa baharini ambao hata mimi sikuwahi kuwashika. Nyungunyungu alihamishiwa kwa konokono na pweza. Zilipigwa kelele miaka mingi (nami nilikuwa mmoja wa wapigaji), na hadi leo dubu wa maji wanagombaniwa: wako karibu zaidi na wadudu au na minyoo?

Ukishaambiwa, unaanza kuona mengine. Hakuna hata mmoja wao anayetembea kwa vinyweleo vya seli, jambo la kawaida kwa wanyama wadogo wa baharini. Hata mbegu za kiume za minyoo wa mviringo hazina mkia. Hutambaa kama amiba.

Visukuku navyo vimesema. Katika miamba ya Burgess Shale, Kanada, yenye miaka milioni 508 hivi, amepatikana mnyama mdogo aitwaye Marrella akiwa katikati ya kujivua, gamba jipya limetoka nusu. Udongo ulimfukia hapo hapo, maskini, katika dakika ambazo alikuwa laini kama mende wako. Na mashimo ya mwanzo wa kipindi cha Kambria, miaka milioni 539 iliyopita, huenda yalichimbwa na minyoo wa kundi hili hili.

Kama lile gamba bado lipo sakafuni, lichukue kwa kibano ulitazame ndani kwa kioo cha kukuzia. Utaona nyuzi nyeupe nyembamba zinaning'inia. Ni bitana za mirija yake ya kupumulia, nazo alizivua. Ila uwahi, mende hula magamba yao.

Mama yako